Nyota Tano Hazikuingia Sebuleni Kwangu

Spika zilifika Moshi Alhamisi moja jioni, nyuma ya gari la shemeji yangu, zimefungwa kwa blanketi la kijivu kama wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Nilikuwa nimezisubiri miezi minne na kuziwekea akiba miaka miwili: hela ya vicoba, posho za msimu, na ndama mmoja wa kule kwetu Old Moshi aliyeuzwa kabla ya siku zake. Jarida moja la Uingereza linalopima vyombo vya muziki lilikuwa limezipa nyota tano kati ya tano. Jarida lenyewe nilikuwa nalo, shemeji aliniletea safari iliyotangulia. Karatasi zake zilikuwa zimelegea kwa kufunuliwa, na mistari niliyoipenda nilikuwa nimeipigia penseli. Tathmini ile niliijua kwa moyo kama ninavyojua tenzi.

Tukazipanga pale ilipokuwa ikikaa sabufa, kila moja kwenye kona yake. Nikaweka kwaya. Soprano walipoingia, "S" yao ya kwanza ilitoka kama khanga mpya inayochanwa. Besi nayo ilikuja imevimba. Noti moja iliunguruma mpaka vikombe vya kabatini vikalia, iliyofuata ikawa kama haikupigwa kabisa.

"Shem, zinapiga eh?" shemeji akauliza.

"Zinapiga," nikamjibu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonisukuma kuandika haya. Sikuzisikiliza tena zile spika. Nililisikiliza jarida. Jioni baada ya jioni nilikaa kwenye kochi nikiwa na jarida mapajani, na pale mwandishi aliposema "uwazi" mimi nikautafuta uwazi mpaka nikauona. Aliposema besi "ina nidhamu", nikajiambia kwamba huo mvumo ndio nidhamu yenyewe, sisi tumeharibiwa na sabufa. Kichwa kiliponigonga baada ya nusu saa nikasema spika ni changa, zipewe saa mia zikomae. Mama yangu alipokuja kutusalimia, nikamwekea kanda ya zamani ya tarumbeta za kanisani kwetu. Alivumilia dakika tatu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, punguza." Nikapunguza. Hata hilo halikunifundisha kitu. Nikasema mama ni mzee.

Sasa niseme ninachofanya kazini, maana aibu yangu ilitokea huko.

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Moshi ni mji wa mnada wa kahawa, na kabla kahawa haijafika mnadani lazima ionjwe. Sampuli inakuja kwenye trei ikiwa na namba tu, gunia ilikotoka hulioni. Hujui ni ya Mbozi, ya Mbinga au ya shamba la mjomba wako. Unapima gramu nane na robo kwa mililita 150 za maji ya moto, unasubiri dakika nne, unavunja utando kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu kuzama kwenye kikombe, halafu unaivuta kwa kelele, ile kelele ambayo ukiifanya nyumbani kwa watu utaonekana hukulelewa. Unatema. Unaandika. Na kuna sheria moja ambayo mwanafunzi akiivunja mara mbili anatolewa mezani: hakuna kusema neno mpaka kila mtu awe ameweka kalamu chini. Mmoja akishatamka "ndimu", meza nzima itaonja ndimu. Hawafanyi makusudi. Ulimi unatafuta kile ambacho sikio limeshaambiwa.

Msimu ulikuwa umepamba moto, tumeshaonja trei ya kumi na moja, kijana mmoja mpya akanong'ona kwa mwenzake, "Hii ina chokoleti." Nikamkemea kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Na nikiwa bado nimemkazia macho, nikaiona sebule yangu: mimi, kochi, na jarida mapajani linaloninong'oneza. Miaka kumi na minane nimelipwa mshahara kwa kutoangalia gunia, na hela yangu kubwa kuliko zote niliinunulia gunia.

Sitaki mtu aelewe kwamba ninawadharau waandishi wa majarida. Ninawaheshimu, na historia yao nimeifuatilia kwa mapenzi. Mwaka 1962 Mmarekani J. Gordon Holt, aliyewahi kuandikia jarida la *High Fidelity* na kuchoshwa na namna wenye kulipia matangazo walivyobembelezwa, alianzisha jarida lake dogo, *Stereophile*. Enzi hizo tathmini nyingi zilikuwa namba za maabara tu: wati ngapi, upotofu wa sauti asilimia ngapi, basi. Holt akasema jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: chombo cha muziki kisikilizwe, kisha msikilizaji aeleze alichosikia. Mwaka 1973 akafuata Harry Pearson na *The Absolute Sound*. Yeye aliweka kipimo ambacho nakipenda mpaka leo. Alisema spika isipimwe kwa spika nyingine. Ipimwe kwa sauti halisi ya vyombo visivyopitishwa kwenye umeme, vinavyopigwa mahali halisi. Watu hawa wawili ndio waliotupa lugha ya kuzungumzia sauti. Bila wao mimi hapa nisingekuwa na maneno.

Ila kipimo cha Pearson ukikishika kwa uaminifu, kinakurudisha kwako mwenyewe. Sauti halisi ipi? Yeye alikuwa na okestra za Marekani na kumbi zake. Mimi nina tarumbeta. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mtindo wa tarumbeta za kanisani ukaota mizizi huku mlimani mpaka leo huwezi kumzika mzee wa Kilutheri bila hizo. Baba yangu alipiga ile ya besi. Tangu nikiwa mdogo nimesimama hatua tatu kutoka kwenye mdomo mpana wa tarumbeta yake, nikisikia shaba inavyoanza kwa pumzi kabla haijawa noti, na inavyotetemesha kifua bila kuumiza sikio. Ninajua soprano wa kijijini anavyosikika asubuhi yenye baridi ndani ya kanisa la mawe. Sauti yake ni kali, lakini ina nyama. Tena najua dansi la kwenye kanda za Radio Tanzania, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, gitaa la pili likipenya katikati ya ngoma za konga. Jarida halikuzisikiliza spika zangu kwa hayo. Lilizisikiliza kwa piano, kwa fidla, na kwa yule dada wa jazi anayenong'ona karibu na maikrofoni. Nikiwa mkweli, kwa yule dada zilikuwa nzuri kweli.

Kwa hiyo mtu atasema: basi kila mtu na ladha yake, funga mjadala. Hapo nami siafiki. "Ladha yangu" ni neno ambalo watu wengi hulitumia kuukwepa mtihani. Mnunuzi anayejisifu kwamba hasomi tathmini, anaamini masikio yake tu, mara nyingi anaamini macho yake bila kujua.

Hili limepimwa. Kanada, kwenye Baraza la Taifa la Utafiti, kulikuwa na mwanasayansi anaitwa Floyd Toole aliyetumia miaka mingi kuwaketisha watu mbele ya spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Baadaye alihamia Harman, kampuni inayotengeneza spika, na mwaka 1994 yeye na Sean Olive wakachapisha jaribio moja ninalowasimulia hata wanafunzi wangu wa kahawa. Waliwachukua wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo hiyo na spika za aina nne. Raundi moja waliona spika, nyingine hawakuona. Walipoziona, zile kubwa za bei zilipanda alama na ile ndogo ya plastiki ya bei rahisi ikaporomoka. Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: walipokuwa wanaziona, walipoteza hata uwezo wa kugundua tofauti za kweli. Spika ikihamishwa mahali pengine chumbani, walipokuwa hawazioni waliandika kwamba sauti imebadilika. Walipokuwa wanaziona waliendelea kutoa alama karibu zile zile. Kumbe jicho linaongeza uongo na kuziba ukweli kwa wakati mmoja.

Mwaka 2003 Olive akatoa jaribio jingine, wasikilizaji 268: wanafunzi, wauza vifaa, waandishi wa tathmini, na wasikilizaji waliofunzwa. Bila kuona, makundi yote yalizipanga spika karibu kwa mfuatano ule ule. Tofauti ilikuwa kwenye uthabiti. Waliofunzwa walirudia alama zao bila kuyumba, na waandishi wa tathmini hawakuwafikia. Niliposoma hilo sikucheka hata kidogo. Niliona afueni. Maana yake mwandishi wa Uingereza na mama yangu wa Old Moshi masikio yao hayajatengana sana kama tunavyodhani. Kilichotutenganisha ni vitu vingine, na vitu hivyo vinaweza kutafutwa.

Nikaamua kuvitafuta. Karibu na soko la Mbuyuni kuna fundi redio ambaye nimemjua tangu enzi za kanda. Dukani kwake kulikuwa na spika mbili za Kijapani za miaka ya 80, za njia tatu, yaani besi, kati na juu kila moja na koni yake, mbao zimebabuka pembeni, raba za wufa, ile koni ya besi, amezibadilisha mwenyewe. Akanikopesha, tena akakubali kuja nazo nyumbani Rau Jumamosi usiku. Nikawaita mdogo wangu na mwalimu wa kwaya wa mtaani kwetu, mtu ambaye akisikia noti imeshuka robo, uso unamkunjamana kama amekanyaga msumari.

Fundi alitaka tufunge pazia. Nikakataa, pazia zito linameza sauti za juu, tungekuwa tunasikiliza pazia. Tukafunga neti mbili za mbu, moja juu ya nyingine, kutoka kwenye ndoano ya saa hadi kwenye fremu ya dirisha, na taa ya sebuleni tukaizima. Nyuma ya neti spika nne zilikaa mbili mbili, zile za bei na zile za fundi, ubavu kwa ubavu. Kwanza tukasawazisha ukubwa wa sauti. Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Sikio la binadamu, ukilipa vitu viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa juu kidogo tu, litakipenda kilicho juu na kusema kina "uhai" zaidi. Nikaweka simu yenye kipima sauti pale kichwa kinapokaa, nikapiga ile kelele ya majaribio inayofanana na mvua kwenye mabati, na fundi akatia alama ya kalamu kwenye kitufe cha amplifaya: hapa kwa hizi, hapa kwa zile. Kisha nikatoa sheria ya mezani: hakuna kusema mpaka kalamu zote ziwe chini.

Nyimbo tatu, watu watatu. Mara tisa kwa jumla. Mara saba spika za fundi ndizo zilizopata alama za juu.

Kwenye wimbo wa dansi niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, karatasi ninayo: "Gitaa la pili liko mbali na la kwanza, naona nafasi kati yao. Hizi ni zangu." Fundi akawasha taa. "Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za msiba, "hizo ni zile za elfu themanini."

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa nimewapa kisa kitamu cha jarida kushindwa na fundi wa Mbuyuni. Kingekuwa kisa cha uongo. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenizuia. Alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. Chumba kikajibu: *trrrr*, kama mtu anayekwangua kitana kwa ukucha. "Mama," akasema, "hapa hata malaika akiimba atasikika ana mafua."

Sebule yangu ni ya bloku zilizopigwa plasta, chini marumaru, dirisha kubwa la aluminiamu upande mmoja, na kwa sababu ya vumbi nilikuwa nimeondoa zulia. Sauti za juu hazina pa kuzama, zinarushwa ukuta hadi ukuta. Ndiyo ile khanga iliyochanwa. Kuhusu besi, nilichukua futi kamba. Urefu wa chumba mita 4.2. Sauti husafiri kama mita 346 kwa sekunde kwenye joto la Moshi. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida, ile waya nene ikipigwa wazi, ni hezi 41. Chumba changu kimejengwa kana kwamba fundi mwashi alikipima kwa noti hiyo moja. Ikipigwa, chumba kizima kinaipokea na kuipaza. Zinazofuata hazipokelewi, kwa hiyo zinaonekana zimepotea. Na mimi nilikuwa nimezisukuma spika kwenye kona, mahali ambapo mvumo kama huo hupata nguvu kuliko pote.

Tukazivuta mbele, karibu mita moja kutoka ukutani. Zulia likarudi. Kabati la vitabu likahamia ukuta wa nyuma, na pale dirishani nikafunga mapazia mazito aliyoniachia shangazi. Wiki mbili baadaye fundi akaja tena na neti zake. Safari hii za kwake zilipata tano, zangu nne. Nusu ya dhambi niliyoibebesha spika ilikuwa ya nyumba.

Nusu nyingine ilikuwa imeandikwa kwenye jarida lile lile, na niliiruka. Mwishoni mwa tathmini, baada ya maneno mazuri yote, kulikuwa na kisanduku cha vipimo na grafu mbili. Kisanduku kilisema sensitiviti, yaani ukubwa wa sauti ambao spika inatoa kwa umeme ule ule, ni desibeli 84. Za fundi zina 91. Tofauti ya 7 inaonekana ndogo kwa anayesoma haraka, lakini kila desibeli 3 ni kuongeza nguvu maradufu, kwa hiyo spika zangu zilihitaji wati mara tano ili zifike pale za fundi zinapofika. Na grafu ya pili ilionyesha kwamba ule mzigo wa omu 8 ulioandikwa nyuma ya spika, yaani ukinzani wake kwa umeme, kwenye sauti fulani za chini unashuka hadi karibu omu 3, na omu zikishuka amplifaya hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Amplifaya yangu ni ya wati 40, ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya omu 8. Ndiyo maana ilikuwa inachemka mpaka paka akawa analala juu yake. Nilikuwa nimemfunga punda mkokoteni wa ng'ombe wawili, kisha nikalaumu mkokoteni. Mwandishi yule kwenye aya yake ya pili alitaja amplifaya aliyotumia: mashine ya mamia ya wati. Sikuipigia penseli.

Tangu hapo nimegeuza namna ya kusoma tathmini. Naanzia nyuma. Kwanza namba na grafu, maana hizo hazibadiliki zikivuka bahari. Omu 3 za London ni omu 3 za Rau. Kisha natafuta sentensi za chumba: mwandishi anakaa mbali kiasi gani, chumba kikubwa kiasi gani, amplifaya ipi, anapenda muziki gani. Jarida lisilosema hayo naliweka pembeni. Mwisho kabisa ndipo nasoma sifa, na nazisoma kama ninavyosikiliza habari za safari ya mtu: ni kweli alikwenda, ni kweli aliona, lakini mimi sijafika huko. Nyota sizihesabu tena.

Na historia ya vifaa hivi imejaa mifano ya chombo kuhama thamani kikihama mahali. Ile spika ndogo ya BBC, LS3/5A, haikutengenezwa kwa ajili ya sebule ya mtu. Ilitengenezwa miaka ya 70 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali pa kubana ambapo mhandisi anataka kusikia sauti ya mtangazaji kama ilivyo. Ukimpelekea mpiga disko wa Majengo atakurudishia kabla hajamaliza chai. Yamaha NS-10 ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, ikapokelewa kwa ubaridi. Baadaye ikawa ndiyo spika yenye koni nyeupe unayoiona kwenye picha za studio dunia nzima, kwa sababu watengenezaji wa muziki waligundua kwamba ikisikika vizuri pale, itasikika vizuri popote. Aliyeisema vibaya hakukosea, na walioipenda nao hawakukosea.

Hili nililiona kwa macho, au niseme kwa masikio. Niliamua kuziuza. Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa Arusha, anakaa Njiro, mstaafu mwenye heshima zake. Nikazipeleka mwenyewe, saa mbili za barabarani, blanketi lile lile la kijivu. Chumba chake cha muziki kina dari la mbao lililoinama, zulia ukuta hadi ukuta, vitabu pande mbili, na amplifaya ambayo watu wawili wanaibeba kwa kusaidiana. Akaweka kwaya, kwa heshima yangu. Soprano wakaingia.

Niliweka kikombe chini. Ile "S" ilikuwa laini kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nyuma ya soprano nilisikia ukuta wa kanisa. Besi zilipanda ngazi moja moja, hakuna iliyovimba, hakuna iliyopotea. Yule mwandishi wa Uingereza kila neno alilolisema lilikuwa pale, kwenye chumba cha Njiro, nami nikamtaka radhi kimoyomoyo. Nikiri kwamba kwa dakika chache niliwaza kughairi biashara. Lakini ningerudi nazo wapi? Nyumba ile sikuwa nayo.

Kuna wanaoniuliza: sasa sisi wa huku, tusio na duka la kwenda kukaa na kusikiliza, tutachagua kwa nini kama si kwa majarida? Swali ni la haki. Moshi hakuna chumba cha kusikilizia vifaa vya bei. Watu huenda Dar au Nairobi, na hata huko ukifika duka lina makelele na muuzaji ana haraka. Tena atakuwekea sauti juu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio hupoteza besi zaidi kuliko sauti za kati. Ndiyo sababu amplifaya za zamani zilikuwa na kitufe cha kurudishia besi unaposikiliza kwa sauti ya chini. Spika iliyokuvutia dukani ikinguruma, nyumbani saa nne usiku watoto wamelala inaweza kusikika imekonda. Ukienda, nenda na muziki wako mwenyewe, ule unaoujua mpaka mahali mwimbaji anapokohoa, na umwombe apunguze mpaka kiwango unachosikilizia kwako. Akikataa, umeshapata jibu. Bora zaidi ni kuazima. Mji wetu si mkubwa, wenye mziki wanajuana, na nimegundua watu wanapenda mno kuja kusikiliza vyombo vyao kwenye nyumba nyingine. Ukiagiza vya mitumba kutoka Japani, kumbuka kwao umeme ni volti 100 na kwetu 230. Nunua transfoma kwanza, halafu ndiyo ufungue boksi.

Spika za fundi nilizinunua. Aliniongezea elfu kumi juu ya ile themanini, akisema zimeshapata jina, nami sikubishana. Mbao zake zilizobabuka nimezipaka nta. Amplifaya haichemki tena, na paka amehamia kwenye zulia.

Mwezi uliopita mama alishuka mjini kwa kliniki ya macho, akalala kwangu. Usiku, baada ya chakula, nikatoa ile kanda. Ni ibada ya Pasaka alfajiri, mwaka 1986, imerekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya benchi la kanisa. Ina mvumo wa kanda mwanzo hadi mwisho, na jogoo mmoja. Hakuna jarida duniani litakalojaribia chombo kwa kanda ya namna hiyo. Sikumwambia mama kwamba spika zimebadilika, na kwa macho yake ya sasa asingeweza kujua. Nikabonyeza, nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake.

Tarumbeta ndogo zikaanza. Kisha pakawa na kile kituo kifupi kabla besi haijaingia. Mkono wa mama ukanigusa begani.

"Baba yako huyo," akasema. "Anavuta pumzi."

Noti ikaja. Mama akasikiliza tenzi nzima, kichwa ameinamisha, wala hakusema nipunguze. Ilipokwisha, kanda ikaendelea kuvuma, watu wakikohoa, viatu vikikwaruza sakafu ya kanisa.

"Rudisha," akasema. "Hapo kwenye pumzi."

Nikarudisha.